Shangazi, baba kila siku ananipigia hesabu za mshahara wake wa reli, na mimi nimechoka

Shangazi shikamoo,

Naomba jina langu usiliweke maana huku Kigoma mjini tunajuana sana, ukisema tu mwalimu wa shule fulani mtaa fulani watu washanijua. Mimi ni wa kike nna miaka 31, kwetu tuko sita mimi ni wa tano, nafundisha sekondari ya binafsi hapa mjini mwaka wa nne sasa. Nna digrii ya ualimu, ajira za serikali zikitangazwa naomba kila mara na sijapata, ndo nimebaki hapa hapa.

Baba yangu ni mstaafu wa reli. Aliingia 1974 na darasa la nane lile la zamani, akastaafu 1999. Ni mzee anayeheshimika sana mtaani, na mimi namheshimu, ila shangazi kila tukikaa kula lazima atoe ile hesabu yake. Kwamba yeye alianza na shilingi mia nne na kitu, na kwa mshahara huo huo wa reli akaoa, akasomesha watoto sita, akajenga nyumba ya Gungu kuanzia 84 na 88 tukahamia (mimi sijazaliwa bado), na hakuwahi kukopa senti ya mtu. Afu ananiangalia. Wewe una digrii unapokea laki tatu na nusu, hela inaenda wapi?

Sasa nikwambie inaenda wapi. Mkataba unasema 350,000. Wanakata NSSF 35,000, bodi ya mikopo asilimia 15 ambayo ni 52,500, kodi 3,600, inayoingia benki ni 258,900. Chumba changu Katubuka 60,000, umeme na maji kama 15,000, nyumbani napeleka 50,000 kila mwezi sijawahi kuruka. Na kuna 60,000 nyingine nitakuelezea hapo chini. Inabaki 73,900 nile mwezi mzima, ninunue sabuni, vocha, pedi, na asubuhi mvua ikinyesha nipande boda. Toka nianze kazi mshahara haujaongezwa hata elfu kumi, ila unga, mchele, mkaa vyote unajua mwenyewe, na sukari ile 2024 nlikuwa nakunywa chai kavu kabisa.

Hiyo 60,000 ndo siri yangu. Mwezi wa tatu baba alisema paa la nyumba linavuja na kila mtoto atoe laki tatu ya bati. Kaka zangu wawili wako Dar wakatoa. Mimi sikuwa nayo na niliona aibu kusema sina, nikaenda kwa hawa wa mikopo ya haraka, hawa kausha damu, nikachukua 300,000. Wakachukua kadi yangu ya benki na namba ya siri, mshahara ukiingia wao ndo wanatoa kwanza 60,000 ya riba halafu wananipa kadi nitoe yangu niwarudishie. Miezi sita sasa. Laki tatu iko pale pale haijapungua.

Idd ya kuchinja tulikuwa nyumbani wote, na shemeji zangu na majirani, baba akaanza tena. Akasema mbele za watu, huyu mwalimu wa digrii ameshindwa na mimi wa darasa la nane, na mdogo wake anaenda chuo cha afya mwezi wa kumi, ada nani atalipa? Yaani anategemea nilipe mimi. Niliinuka nikaenda jikoni kwa mama nikalia. Mama hakusema kitu, yeye ni mtu wa kimya, maisha yake yote ni mama wa nyumbani tu, alikuwa anauza uza dagaa na mawese hapo Kibirizi, hana la kumjibu baba kwenye mambo ya mishahara.

Toka siku hiyo sijaenda Gungu. Hela natuma kwa simu. Mama ananipigia namwambia niko bize na mitihani. Nauliza shangazi, ni kweli kizazi chetu hatujui kutunza hela? Maana nimeanza kuamini. Na hii ada ya mdogo wangu nifanyeje, nikakope tena?

Mimi mwanao, Kigoma

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma naishia pale pale jikoni. Nitarudi huko. Kwanza nikujibu swali lako, maana umeuliza kwa uchungu na unastahili jibu lililonyooka. Hapana. Mtu anayekula mwezi mzima kwa 73,900 na bado nyumbani anapeleka 50,000 bila kuruka huyo anajua kutunza hela kuliko wengi ninaowajua mimi.

Sasa hesabu ya baba. Simwiti mzee muongo, na wewe usimwite, naamini kila alichosema kwa vile anavyokikumbuka. Ila kuna kitu kwenye miaka aliyoitaja kimenishtua, 84 mpaka 88. Mwanangu mimi miaka hiyo nlikuwa msichana mkubwa hapo hapo Ujiji. Ile ndo miaka ambayo mshahara wa mtu yeyote, wa reli, wa posta, wa ualimu, ulikuwa hauna kitu. Tumetoka kwenye vita vya Kagera, madukani hamna bidhaa, sukari kwa foleni, tunafulia sabuni ya mawese, watu wazima na heshima zao wanavaa katambuga za tairi. Bei zilikuwa zinapanda kwa zaidi ya asilimia 30 kila mwaka, 1984, 1985, 1986, na mshahara ukiongezwa unaongezwa kidogo unakuta bei zishaondoka. Baba yako anaanza kazi 1974 dola moja ni kama shilingi 7. Mwaka 1986 shilingi ikashushwa mpaka 40 kwa dola, kufika 1990 inakaribia 200. Angalia noti tu utaelewa, miaka yote hiyo noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya mia, 1986 ikaja ya mia mbili, 1989 ya mia tano, 1990 ya elfu. Noti zinakua hivyo kwa sababu hela inapungua nguvu mikononi mwa watu.

Kwaiyo nakuuliza wewe mwenye digrii, na ukipata nafasi muulize na mzee kwa heshima: mtumishi wa reli wa darasa la nane, mwaka 1985, mshahara umeliwa na bei hivyo, watoto nyumbani, simenti haipatikani na ikipatikana imesafiri zaidi ya kilomita elfu moja na mia mbili toka Dar, hiyo simenti aliinunua na nini?

Jibu umeniandikia mwenyewe, tena umeliandika kwa kulidharau. Umesema mama yako ni mama wa nyumbani TU, anauza uza dagaa na mawese.

Hilo neno tu mwanangu lifute.

Mume wa dada yangu alikuwa reli. Namjua mwanamke wa mtu wa reli alivyokuwa anaishi miaka ile. Alfajiri yuko Kibirizi mitumbwi inaingia, ananunua dagaa wabichi, anawaanika kwenye mchanga juani siku nzima anawafukuzia kunguru, jioni anawakusanya. Wakifika gunia mbili tatu anapanda nao treni mpaka Tabora, na treni hiyo kwa waranti ya mume maana familia za reli zilikuwa zinasafiri hivyo, nauli hailipi. Anauza Tabora, anarudi na hela au anarudi na mchele na karanga za kuuza huku. Mawese nayo kwa madebe. Dada yangu alizaa mtoto wake wa tatu akiwa ametoka kuuza dagaa siku mbili kabla. Nyumba yao ilipoezekwa watu wote tulisema shemeji kajenga. Hata mimi nilisema hivyo. Dada alikuwa anacheka tu na kunyamaza, na alikufa bila mtu kumuuliza bati zile zilitoka kwenye gunia ngapi za dagaa, na hiki kitu kinaniuma mpaka leo.

Ndo maana nakwambia, nenda kamuulize mama yako. Kaa naye jikoni mkichambua sombe, kisamvu chenu, usimuulize mambo ya mishahara, muulize mama mwaka 86 ulikuwa unaenda Tabora mara ngapi. Sijui atakujibu nini, kila nyumba ina yake, lakini mimi nitashangaa sana kama nyumba ya Gungu ilijengwa na mshahara peke yake.

Halafu kuna vitu baba alikuwa anavipata na havihesabu kwa sababu havikuwa kwenye bahasha. Kabla hawajahamia Gungu walikaa wapi? Kwa watu wengi wa reli ilikuwa kota, hamna mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi mitatu mbele. Wakiumwa kuna matibabu ya kazini. Safari waranti. Na kijana aliyeingia chuo kikuu enzi hizo serikali ilimlipia, alitoka na cheti hadaiwi. Wewe unatoka na cheti na asilimia 15 ya mshahara wako inaondoka kabla hujauona. Ile ilikuwa mishahara mwanangu, ililipwa kwa kota na dawa na tiketi. Ukimkata mzee hivyo vyote ubaki na shilingi mia nne zake halafu ukaziweka pembeni ya laki tatu na nusu yako hapo hujalinganisha kitu.

Na ya kwako yenyewe inaliwa taratibu. Siku hizi tunatangaziwa mfumuko wa bei ni asilimia 3 na kitu na watu wanafurahi, na kweli ni afadhali sana kuliko ile 30. Lakini maana yake sio kwamba bei zimeshuka, maana yake zinapanda polepole. Kwa mtu ambaye mshahara wake haujaongezwa miaka minne, 350,000 ya leo inanunua kama kile ulichokuwa unanunua kwa 310,000 siku unaanza, labda chini ya hapo. Umepunguziwa mshahara na hakuna aliyekuandikia barua. Wakati huo huo kima cha chini cha serikali toka Julai 2025 kimetoka 370,000 mpaka 500,000, yaani mhudumu anayeanza leo ofisi ya umma anaanzia juu ya mwalimu wa digrii wa shule yako. Nafurahi kwa ajili ya mhudumu, kazi yake ni ngumu na alistahili. Ila wewe lazima ujue umesimama wapi.

Kwenye hilo la shule sitakudanganya. Kima cha chini cha shule binafsi kwa amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 kilikuwa 207,000, na amri mpya ya sekta binafsi imeanza Januari 2026, wastani wake umepanda kutoka 275,060 mpaka 358,322 ila kila sekta ina kiwango chake. Nenda kwa afisa kazi wa mkoa akuonyeshe cha kwenu. Ukikuta wewe uko juu ya kiwango sheria haitakusaidia sana, itabaki kuongea na mwajiri, na hapo usiende peke yako. Nyie walimu mko wangapi ambao hamjaongezwa miaka minne? Kaeni, andikeni barua moja ya heshima mkaipeleke kabla shule haijapanga ada ya mwaka mpya, maana wakishapanga ada watakwambia bajeti imefungwa. Na wewe ukiwa mjini pita ofisi ya NSSF uombe taarifa ya michango yako, uone kama hiyo 35,000 na ya mwajiri zinafika kila mwezi. Simtuhumu mtu. Nimeona tu watu wengi wanagundua wakiwa wameshaacha kazi.

Sasa kausha damu, hapa ndo nimekasirika kwelikweli.

Umechukua 300,000. Umelipa 60,000 mara sita, hiyo ni 360,000. Mkopeshaji mdogo mwenye leseni ya Benki Kuu hatakiwi kuvuka riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu hiyo ni 10,500, kwa miezi sita ni 63,000. Mkopo na riba yake vyote vingekuwa 363,000. Umebakiza elfu tatu mwanangu! Elfu tatu, na wao wanakwambia unadaiwa laki tatu nzima. Na kadi wameshika. Kadi ile ni ya benki umepewa wewe, na namba ya siri haishikwi na mtu mwingine hata awe mume, achilia mbali mtu anayekudai. Nenda benki na kitambulisho, waambie unataka kadi ifungwe upewe mpya na namba mpya, huna haja ya kujieleza sana. Halafu waandikie hao watu, au nenda na mtu mzima unayemwamini, uwaambie unataka karatasi ya mkopo na leseni yao, na utalipa kilicho halali. Wakikutisha au wakitishia kukutangaza, polisi kuna dawati la jinsia, na halmashauri kuna afisa biashara na afisa maendeleo ya jamii, ingia huko. Usione aibu. Aibu ndo mtaji wao, wanajua mwalimu hatataka wazazi wa wanafunzi wajue.

Na tafadhali usikope tena kwa ajili ya ada. Mdogo wako kama anaenda stashahada ya afya, toka mwaka wa masomo 2023/24 bodi ya mikopo inawapa na wa stashahada kwenye fani walizozitaja na afya imo. Aombe mwenyewe, leo, maana dirisha linafunga. Akikosa, ada igawanywe kwa watoto wote wakubwa kwa kipato, wewe utaje kiasi unachokiweza, kama ni 20,000 kwa mwezi ni 20,000, na kaka zako wa Dar waambiwe ukweli. Wanadhani digrii yako inalipa.

Nakuja kwa baba. Mwanangu umekosea kutokwenda, na nakwambia hivi nikiwa upande wako. Ukikaa mbali, hesabu ya mzee inabaki peke yake pale mezani haina wa kuijibu, na mama anabaki peke yake nayo. Nenda Jumapili hii. Beba hati yako ya mshahara, ile karatasi yenye makato yote, umpe mzee akae nayo aisome mwenyewe na miwani yake. Usimweleze chochote mpaka amalize. Watu wa reli wa zamani walikuwa wanajua kusoma karatasi, atafika kwenye ile 52,500 atakuuliza hii ni nini, hapo ndo uongee. Na habari ya mkopo mwambie. Itamuuma kwamba bati lake limelipiwa hivyo, acha imuume, ni baba yako sio mgeni.

Ila naomba utaratibu uwe huu, kwanza uwe umeshakaa na mama. Ukiwa na hadithi yake mkononi hutaenda kwa mzee kama mtu anayejitetea. Utamuuliza tu, baba, zile gunia za mama za Tabora na zenyewe zilikuwa mshahara wa reli? Muulize kwa upole, mama akiwepo. Mimi nadhani atanyamaza kidogo. Wanaume wa umri wake hawakufundishwa kuihesabu ile kazi, waliona dagaa zimeanikwa uani wakaona ni mambo ya wanawake, na hela ilipoingia kwenye simenti ikageuka kuwa ya baba.

Na mumkumbushe kwamba hata hiyo biashara ya dagaa ya mama leo haipo kama zamani. Ziwa limepata joto, dagaa wamepungua, nchi zinazozunguka Tanganyika zilikubaliana uvuvi uwe unafungwa ili samaki wazaliane, na 2024 huku kwetu ukafungwa miezi mitatu toka katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, na nakubali ilikuwa lazima, lakini wakina mama wa Kibirizi walikaa bila kazi. Kilo ya dagaa ambayo mama yako alianza nayo na mtaji wa kufunga kwenye kanga leo inataka mtaji wa mfanyabiashara. Ukisema uongeze biashara ya pembeni kama alivyofanya yeye, sawa, wengi wanafanya, twisheni, mawese ya kupima, mimi sikukatazi. Ila fanya ukishatoka kwenye hilo deni na ukiwa na hela yako mwenyewe ya kuanzia hata kama ni 30,000, na usije ukaona kwamba usipofanya umefeli, kufundisha vidato vinne kwa siku ni kazi tayari.

Jumatatu asubuhi benki kwanza, kabla ya shule, omba ruhusa ya saa moja. Mshahara wa mwezi huu usiingie kwenye ile kadi. Halafu niandikie mama alisemaje, nataka kujua alikuwa anashukia Tabora mjini au alikuwa anafika mpaka Dodoma.

Shangazi yako